Safari ya Bagamoyo na Karatasi Tuliyoificha



Masomo ya kutusaidia leo: Mk 9:33-37 na Mdo 6:1-7. Kama una Biblia karibu, yasome kwanza, halafu urudi hapa.

Wiki hii nilikuwa nimeandaa tafakari juu ya sala ya asubuhi. Nimeiweka pembeni. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi moja ya Kwaresima, na wahusika wenyewe wamenikubalia nilisimulie, ila nisitaje majina. Kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao. Na nikuambie mapema: katika habari hii mimi frateri wako sikutoka vizuri. Usisome ukitafuta shujaa aliyevaa kanzu.

Watu watano na mihogo ya kukaanga

Wako watano, wote vijana wa kwaya katika parokia moja ya Dar es Salaam. Miaka miwili iliyopita, baada ya mazoezi, walikaa nyuma ya kanisa kwenye viti vya plastiki wakapata wazo: programu ya simu inayomkutanisha mkulima wa mboga wa milima ya Uluguru na mama lishe wa mjini, ili nyanya isipite kwenye mikono ya madalali wengi kabla ya kufika jikoni. Wakakubaliana kwa mdomo tu. Sisi ni watano, kila mmoja ana sehemu yake moja ya tano. Wakapeana mikono, wakasali Baba Yetu, wakanunua mihogo ya kukaanga pale getini. Kampuni ikawa imezaliwa.

Mmoja akawa Mkurugenzi, kwa sababu anajua kuongea na watu wakubwa. Wa pili ni Fundi, aliyeandika programu yenyewe usiku kwa usiku. Wa tatu ni Mama Soko. Hajaolewa wala hana mtoto, lakini wafanyabiashara wa nyanya walimpa jina hilo na limemganda. Wa nne ni Msafirishaji, mwenye pikipiki. Wa tano ni Mhasibu, dada mpole, aliyeacha kazi ya mshahara kwenye duka la dawa ili ashike daftari la ndoto ya watano. Kwa miaka hiyo miwili hakuna aliyelipwa mshahara kamili. Walikuwa wanagawana nauli na vocha, wakisema, "Tuvumilie, hii ni yetu."

Mimi na Mkurugenzi tumetoka mbali. Tulisoma wote seminari ndogo, vitanda vyetu vilikuwa jirani. Yeye alitoka akaenda chuo kikuu, mimi nikaendelea, nikamaliza falsafa, na sasa niko mwaka wa uchungaji kwenye parokia hiyo hiyo.

Sasa, wakati wa Noeli alinipeleka kunywa soda akaniambia siri. Walipokwenda kusajili kampuni, majina yaliyoingia kwenye karatasi kama wenye hisa yalikuwa mawili tu: lake na la mjomba wake aliyetoa mtaji. Wale wanne wengine hawakuandikwa. "Nitawaingiza baadaye," aliniambia. "Mjomba hakutaka mlolongo wa watu. Hali ikitulia nitarekebisha."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Mambo ya biashara hayo, kaka, utajua mwenyewe. Ila usichelewe." Nikamalizia soda yangu. Yeye ndiye aliyelipa.

Ndani ya Noah

Mwezi wa tatu Mkurugenzi akanipigia tena. Timu imechoka, watu wanajibizana kwa mkato, amepata semina ya siku moja ya kujenga timu kule Bagamoyo. Kutakuwa na mkufunzi, michezo, chakula, na angependa Frateri awape neno la dakika 20 kuhusu umoja. Nikakubali mara moja. Kuongea juu ya umoja ni kazi nyepesi kwa mtu asiyegawana chochote na wanaomsikiliza.

Tuliondoka Mwenge saa 12 asubuhi kwa Noah ya kukodi. Kutoka Dar hadi Bagamoyo ni kilomita kama 70, si safari ya kutisha. Tulisali, tukaimba, Tegeta tukanunua maji na mayai. Tulipofika Bunju, Fundi akaanza utani: "Siku tukiuza hii kampuni, mimi nachukua gari gani?" Kila mtu akataja lake. Utani ukaendelea, ukageuka taratibu. Mama Soko akasema bila yeye hakuna hata nyanya moja ingetoka Mgeta. Fundi akasema bila programu hizo nyanya zingeozea huko huko. Msafirishaji akauliza kama zilikuwa zinatembea zenyewe. Mkurugenzi akacheka akasema, "Jamani, na mwenye kutafuta hela mmemsahau?"

Mhasibu alikuwa kiti cha nyuma dirishani. Tangu tuondoke hakuwa amesema kitu. Akasema bila kugeuka, "Waulizeni wenye karatasi."

Gari zima likanyamaza. Dereva akaongeza sauti ya redio. Toka hapo mpaka Mapinga, mpaka Kerege, mpaka tunaingia Bagamoyo, hakuna aliyeongea. Mimi nilijifanya nasali rozari. Nilikuwa nimeishika kweli, lakini nilibaki kwenye Salamu Maria moja.

Ndugu yangu, rudi sasa kwenye Injili ya Marko. Yesu anatembea na timu yake kuelekea Kafarnaumu. Ametoka tu kuwaambia kwamba atatiwa mikononi mwa watu na kuuawa. Wao huko nyuma yake wanabishana nani kati yao ni mkubwa. Wakifika nyumbani, anawauliza walikuwa wanabishana kuhusu nini njiani. Marko anasema walinyamaza. Watu kumi na wawili wazima, wavuvi, mtoza ushuru, watu wa maneno, wote kimya.

Nilikuwa nasoma kifungu hiki kama habari ya majivuno tu. Siku ile kwenye Noah ndipo nilipousikia ule ukimya. Kuna ukimya wa watu waliochoka na kuna ukimya wa watu ambao jambo limetajwa karibu mno na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuligusa. Na uone ufundi wa Bwana: anajua kila kitu, lakini hawapangii mahubiri mara moja. Anauliza. Anawapa nafasi ya kusema wenyewe. Wanapokosa ujasiri, anaketi chini, anawaita wote kumi na wawili karibu, anaweka mtoto katikati. Anayeketi anaonyesha kwamba haondoki mpaka jambo liishe.

"Mimi nilishaanguka Alhamisi"

Semina ilianza vizuri. Mkufunzi alikuwa kaka mchangamfu, anajua kazi yake. Tulibeba chupa ya maji kwa kamba watu sita, kila mmoja akivuta upande wake, mpaka tukajifunza kwenda pamoja. Tulicheka. Nikaanza kufikiri kwamba labda mambo yatapita.

Halafu ukaja ule mchezo wa kuangukia nyuma. Unafumba macho, unakunja mikono kifuani, unajiachia, wenzako wanakudaka. Msafirishaji akaanguka, akadakwa. Mama Soko akapiga kelele, akadakwa. Ikafika zamu ya Mhasibu, na wa kumdaka alikuwa Mkurugenzi. Akasimama, akatikisa kichwa.

"Siwezi," akasema.

Mkufunzi akamtia moyo: "Dada, mwamini mwenzako! Hapa ndipo timu inapojengwa!"

Akajibu polepole, bila hasira: "Kaka, mimi nilishaanguka Alhamisi. Hakuna aliyenidaka."

Kumbe Alhamisi alikuwa anashughulikia maombi ya mkopo wa kampuni, benki wakataka taarifa za usajili kutoka BRELA. Zilipochapwa akasoma majina ya wenye hisa. Akasoma tena, akidhani ukurasa mmoja umebaki kwenye mashine. Baadaye aliniambia kwamba usiku ule aliandika ujumbe mrefu kwenye kundi lao la WhatsApp, akaufuta, akauandika tena, akaufuta.

Mkufunzi akatangaza chai. Baada ya chai ilikuwa zamu yangu.

Nilivyomsoma vibaya Aristotle

Nilikuwa na kurasa tatu kwenye simu. Nilizipenda kweli. Nilianza na Aristotle, kitabu cha nane cha maadili yake kwa Nikomako, pale anapozungumzia urafiki. Anasema, kwa maneno yangu, kwamba watu wakiwa marafiki hawahitaji tena haki, lakini watu wenye haki bado wanahitaji urafiki. Kutoka hapo nilitaka kuwaambia: ninyi ni marafiki, mmeimba pamoja, acheni kuhesabiana, upendo hauhesabu. Nilidhani ni hoja nzuri sana. Huko seminari kuu ingenipatia alama.

Nikiwa nimeshika kikombe cha chai, nikamwona yule dada amekaa peke yake, nikaona aibu ya ile hoja. Ningemwambia asihesabu yeye aliyeshika daftari la wote kwa miaka miwili? Aristotle hakusema kwamba marafiki wanaruhusiwa kuruka haki. Kati ya marafiki wa kweli huhitaji kuidai haki kwa sababu imeshatangulia kufika, imo ndani ya urafiki wenyewe. Mimi nilikuwa nauchukua urafiki kama blanketi la kufunikia deni.

Na likanijia neno jingine, hili la Bwana mwenyewe, Mt 5:23-24. Ukiwa unapeleka sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, nenda kwanza ukapatane naye. Mimi ninajiandaa kwa madhabahu maisha yangu yote. Na pale nilikuwa nakwenda kutoa sadaka ya maneno mazuri mbele ya dada ambaye nilikuwa najua tangu Noeli kwamba jina lake halipo.

Nikamwita Mkurugenzi nje. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwambia, "Kaka, siwezi kuongea juu ya umoja leo. Nilijua na nikanyamaza. Waambie wewe. Ni wajibu wako, mimi siwezi kukusemea, lakini kuhubiri pia siwezi."

Akanitazama kwa muda. "Nikisema leo kampuni imekufa. Mjomba akitoa hela yake, tumekwisha sote watano. Wewe unaongea kirahisi, Frateri. Wewe kanzu inakulisha."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Alikuwa na haki katika hilo. Mimi nikikosea, nakula ugali jioni. Yeye alikuwa anachezea chakula cha watu watano. Nilimwambia tu, "Ni kweli. Lakini yule dada ameshajua." Mkufunzi akapewa taarifa kwamba neno la Frateri limeahirishwa, tukaenda kula.

Chini ya miembe

Baada ya chakula tulikuwa na saa moja ya mapumziko, tukatembea hadi misheni ya zamani. Kama hujafika Bagamoyo, panga siku uende. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakajenga kijiji kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Mnara wa kanisa la zamani bado upo, ule uitwao mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wake ulilazwa hapo mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Yapo makaburi ya wamisionari pia. Wengi wao walikufa wakiwa bado vijana. Ugonjwa uliwamaliza kabla hawajaona matunda.

Wengi husema jina la mji limetoka kwenye kubwaga moyo. Wapo wanaoeleza kwamba wapagazi wa misafara walitua mizigo hapo wakapumua, na wapo wanaosema mtumwa aliyeletwa pwani aliuacha moyo wake hapo maana hakuwa na tumaini la kurudi. Wa kwanza alifurahi na wa pili alilia, mahali pale pale.

Tulisimama kwenye makaburi. Niliwaza juu ya mahali tulipokuwa. Pwani ile binadamu aliwahi kuandikwa kwenye hesabu kama mali ya mwingine. Sisemi kwamba kutoandikwa kwenye karatasi ya hisa ni utumwa. Kusema hivyo ni kuwakosea waliopita pale wamefungwa minyororo. Nasema tu kwamba mahali kama pale unaona vizuri zaidi kuwa jina la mtu na jasho lake vinakwenda pamoja, na anayevitenganisha, hata kidogo, hata kwa muda, hata kwa nia ya kurekebisha baadaye, anagusa kitu ambacho Mungu anakilinda. Soma Yakobo 5:4 kuhusu ujira wa vibarua uliozuiliwa. Mtume anasema ujira wenyewe unapiga kelele, na kelele zinamfikia Bwana.

Kanisa halijaacha kulisema hilo. Papa Leo XIII aliandika *Rerum Novarum* mwaka 1891 juu ya haki za wafanyakazi wakati viwanda vilipokuwa vinabadilisha dunia. Baba Mtakatifu Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kuwa alichagua jina hilo akimtazama hasa Leo XIII, kwa sababu sasa kuna mapinduzi mengine, ya teknolojia na akili bandia, na heshima ya kazi ya binadamu inahitaji kulindwa tena. Kwa hiyo usidhani mafundisho ya Kanisa kuhusu kazi ni ya wenye viwanda tu. Ni yako wewe pia unayeandika programu sebuleni kwenu kwa bando la usiku.

Mkurugenzi alibaki nyuma makaburini. Tuliporudi ukumbini, akamwomba mkufunzi dakika chache. Akavuta kiti, akakaa, akasema yote. Karatasi, mjomba, hofu yake, hata soda ya Noeli. "Na Frateri alijua," akasema. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Ni kweli."

Fundi akasimama, akachukua begi lake, akatoka. Tukasikia bodaboda inaondoka. Mama Soko akalia. Msafirishaji akabaki anatazama sakafu. Mhasibu ndiye aliyeongea, na aliuliza neno moja tu: "Lini?"

Mkurugenzi akaanza kueleza jinsi anavyosikitika. Akamkatiza kwa upole: "Nimesikia kwamba unasikitika. Nauliza lini tunaandikwa." Akainuka, akachukua kalamu ya mkufunzi, akampa. Mkurugenzi akaandika tarehe kwenye ile karatasi kubwa ya ukutani. Mkufunzi, Mungu ambariki, akakunja kamba zake akazirudisha kwenye mfuko. Alijua kwamba michezo imeisha na semina ndiyo inaanza.

Meza ya wajane

Turudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya sita. Kanisa ni changa, lina moto, watu wanaongezeka, wanasali pamoja. Ungedhani hapo hakuna manung'uniko. Yapo. Wajane wa wale wanaosema Kigiriki wanasahauliwa kwenye mgawo wa chakula wa kila siku.

Mitume wangeweza kusema mengi. Wangeweza kusema, "Jamani, tuna Roho Mtakatifu, tusihesabiane." Wangeweza kuandaa siku ya nyimbo na michezo. Wangeweza kuwaambia wanaonung'unika wawe wanyenyekevu. Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa waamini wote. Walikubali kwamba kuna tatizo. Wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kusimamia mgawo. Na ukisoma majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, utaona yote ni majina ya Kigiriki. Yaani, upande ulioumia ndio uliopewa usimamizi. Kisha Luka anaandika kwamba neno la Mungu likazidi kuenea, na hata makuhani wengi wakaipokea imani.

Hiyo ndiyo semina ya kujenga timu ya Kanisa la mwanzo. Walianza na meza. Walirekebisha mgawo kwanza, na umoja ukapata mahali pa kukaa. Huwezi kuomba watu wajiachie nyuma wakiwa wamefumba macho wakati wewe umeshika karatasi ambayo hutaki waione. Cheza, imba, safiri na wenzako, vyote ni vizuri. Hata Yesu aliwaita mitume wake pembeni wapumzike walipochoka (Mk 6:31). Lakini kama kuna haki ya mtu imelala kwenye droo yako, anza na droo.

Yaliyofuata, na swali nililoulizwa

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Mjomba aligoma kwa wiki kadhaa, halafu akakubali kupunguza sehemu yake. Wote wanne wameandikwa, pamoja na Fundi, ingawa Fundi hajarudi na amesema hatarudi. Kazi yake ya miaka miwili bado iko ndani ya ile programu, kwa hiyo jina lake liko ndani ya karatasi. Mhasibu yupo kazini. Kwenye kwaya ameomba kubadilisha mstari, hasimami tena karibu na Mkurugenzi. Amesamehe, anasema, ila anahitaji muda, na hakuna anayemharakisha.

Mimi nilikwenda kwa paroko nikamweleza. Akanisikiliza, akasema, "Umeshamwomba msamaha yule binti?" Nikasema niliungama kosa mbele ya wote. Akarudia swali lile lile. Basi nikaenda.

Nilimkuta ofisini kwao anapanga risiti. Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Frateri, wewe uliniumiza kuliko yeye. Yeye alikuwa anaogopa hela. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nimekaa na swali hilo Kwaresima yote. Jibu nililolipata si zuri. Niliogopa kumpoteza rafiki wa zamani. Niliogopa kuonekana najua kila kitu. Na nilipenda kuwa mtu anayeambiwa siri. Ilinipa umuhimu fulani. Bwana anasema ndugu yako akikosa, nenda kwake mkiwa wawili tu (Mt 18:15). Nilikuwa na nafasi hiyo hiyo kabisa wakati wa Noeli, sisi wawili mezani, na nikaitumia kunywa soda.

Kwako wewe

Labda huna kampuni. Una kikoba, una kwaya, una jumuiya, una kazi ya kikundi chuoni, una duka la familia ambalo dada yako anakaa kutwa nzima na hana senti yake. Jiulize leo:

1. Je, kuna makubaliano niliyofanya kwa mdomo na wenzangu ambayo nimeyabadilisha kimya kimya nikisema "baadaye"? Hiyo baadaye ina tarehe?

2. Je, ninajua jambo linalomwumiza mtu, na nimelinyamazia nikiita ukimya wangu busara? Nimeshaenda kwa ndugu yangu tukiwa wawili?

3. Kama ni mimi niliyeachwa nje ya karatasi, je, ninaweza kudai haki yangu kama yule dada, kwa swali lililonyooka, bila kumdhalilisha mtu kwenye kundi la WhatsApp?

Na kama jibu la swali lolote linakuchoma, usimalize wiki hii bila kufanya hatua moja. Piga simu. Omba kuonana. Andika tarehe.

Tusali. *Ee Bwana Yesu, ulitembea na watu waliobishana nyuma yako na hukuwaacha njiani. Tuulize na sisi swali lako, na utupe ujasiri wa kutokunyamaza. Uwaguse wanaoshika haki ya wenzao kwa hofu, uwafariji waliosahauliwa mezani, na utufanye sisi tunaotamani madhabahu yako tukumbuke kwanza ndugu tuliyemwacha nje. Amina.*

Mama Maria, Msaada wa Wakristo, utuombee.

Tuombeane, wapendwa. Mniombee na mimi, na mkumbukeni Fundi.

Ni mimi Frateri wenu.